Gari kuukuu kuingia kwenye umeme: Faida hupimwa kwa kilomita

Mei 19, 2018, mamilioni ya watu waliofuatilia kwa televisheni harusi ya Mwanamfalme Harry wa Uingereza na mkewe Meghan waliwaona maharusi hao wakiondoka katika kasri la Windsor kwenda kwenye tafrija ya jioni. Walipanda gari dogo la wazi, la rangi ya buluu yenye kung'aa kama fedha. Lilikuwa Jaguar E-Type la mwaka 1968. Waliotegea mngurumo wa injini yake ya silinda sita hawakuusikia. Gari liliondoka kimya, kwa kuwa chini ya boneti hapakuwa na injini bali betri.

Picha hiyo imezunguka dunia nzima, na imeamsha swali ambalo si la matajiri peke yao. Katika mashamba na miji midogo mingi yako magari yaliyolala chini ya mwembe: Land Rover, Land Cruiser na pikapu ambazo bodi na chasisi bado ni imara, lakini injini imechoka au mafuta yamemshinda mwenyewe. Je, magari hayo nayo yanaweza kufanyiwa kilichofanyiwa Jaguar, na mwenye gari akafaidika?

Kiufundi jibu ni ndiyo. Kibiashara, jibu linategemea jambo moja ambalo watu wengi hawaliulizi kwanza: gari hilo linatembea kilomita ngapi kwa siku.

Kazi ilivyofanyika

Jaguar E-Type ilizinduliwa Geneva, Uswisi, Machi 1961. Ilianza na injini ya lita 3.8, ikaongezewa nguvu kwa injini ya lita 4.2 mwaka 1964. Hadi uzalishaji ulipokoma katikati ya miaka ya 1970, zaidi ya magari 70,000 yalikuwa yametengenezwa. Leo ni mali ya thamani inayotunzwa kama dhahabu.

Septemba 2017, kampuni iliyolitengeneza ilionyesha jijini London gari moja kati ya hayo likiwa na umeme, likaitwa E-Type Zero. Kazi ilifanyika katika karakana yake ya magari ya zamani iliyopo Coventry. Injini iling'olewa, na mahali pake ikawekwa betri yenye uwezo wa uniti 40, yaani uniti zile zile ambazo mteja wa LUKU huzinunua. Nyuma ya betri, pale palipokuwa na giaboksi, ikawekwa mota ya umeme ya kilowati 220. Mota hiyo inazungusha propela na difu ya zamani kama kawaida.

Mafundi hao walizingatia jambo ambalo kila fundi wa gereji atalielewa. Betri na mota vilitengenezwa vikiwa na ukubwa na uzito unaokaribiana na wa injini iliyotolewa, vikakaa mahali pale pale. Kwa hiyo chasisi, springi, usukani na breki havikuhitaji kubuniwa upya. Gari lilipopimwa lilikuwa jepesi kwa kilo 46 kuliko la awali. Kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa linatumia sekunde 5.5, pungufu ya sekunde moja hivi ukilinganisha na E-Type ya kwanza. Betri ikijaa, gari linaweza kwenda kilomita 270, na kuichaji huchukua saa sita hadi saba.

Jambo la pili ni kwamba hakuna kilichokatwa kiasi cha kutorudishika. Siku mwenye gari akitaka, injini ya zamani inaweza kurejeshwa mahali pake. Hilo lina uzito kibiashara. Mwaka 2019, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lilieleza kuwa haliwezi kulitambua gari lililobadilishwa hivyo kuwa la kihistoria, na likashauri kila kinachong'olewa kitunzwe ili gari liweze kurudishwa katika hali yake. Anayeuza injini ya asili huenda anauza pia sehemu ya thamani ya gari lake.

Hesabu ya mwenye Jaguar

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti tisa. Lakini injini, hasa ya zamani, hugeuza robo tu ya nishati hiyo au chini ya hapo kuwa mwendo. Inayobaki hupotea kama joto kupitia rejeta na eksozi. Mota ya umeme haipotezi kiasi hicho. Ndiyo maana uniti 40 zinalifikisha gari kilomita 270, sawa na uniti 15 hivi kwa kila kilomita 100.

Tuchukue mfano wa E-Type inayokunywa lita 14 kwa kilomita 100, petroli ikiuzwa pauni 1.40 kwa lita. Kilomita 100 zitagharimu pauni 19.60. Kwa umeme, ukijumlisha upotevu wakati wa kuchaji, zitahitajika uniti 17. Uniti moja ikiwa pauni 0.25, gharama ni pauni 4.25. Akiba ni kama pauni 15 kwa kila kilomita 100.

Akiba hiyo inavutia. Tatizo ni kwamba gari la namna hiyo hutoka gereji siku za jua na siku za sherehe. Likitembea kilomita 2,000 kwa mwaka, akiba yote ni takriban pauni 300. Iwapo kazi ya kulibadilisha imegharimu pauni 50,000, zitahitajika zaidi ya miaka 160 kurudisha fedha hizo. Hata ushuru wa hewa chafu ulioanza kutozwa London mwaka 2019 hauwabani wenye magari hayo, kwa sababu magari ya kihistoria yaliyofikisha miaka 40 na yasiyofanya biashara yamesamehewa.

Kwa maneno mengine, anayebadili Jaguar yake analipia ukimya, usafi na raha ya kuliendesha bila kuhangaika na kabureta. Hayo ni mapenzi, na mapenzi hayana kosa kwa mwenye uwezo. Lakini siyo uwekezaji. Agosti 2018 kampuni hiyo ilitangaza kuwa itaanza kuwauzia wateja magari hayo, na kwamba ya kwanza yangekabidhiwa mwaka 2020. Kabla mwaka 2019 haujaisha, mpango huo ulisimamishwa. Karakana ndogo binafsi za Uingereza ziliendelea na kazi hiyo kwa wateja wachache wanaomudu.

Umeme kwenye gari la kazi

Afrika Mashariki teknolojia hiyo hiyo iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2017 ilianzishwa Nairobi kampuni iitwayo Opibus, iliyoanza kwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya watalii na kuweka mota na betri. Nchini Tanzania, kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club nayo ilizindua gari la safari la umeme mwaka 2018.

Gari la watalii lina sifa ambazo Jaguar haina. Linafanya kazi karibu kila siku ya msimu. Linakwenda polepole ndani ya hifadhi na kurudi jioni kambini, ambako linaweza kuchajiwa kwa umeme wa jua. Dizeli ya kambini husafirishwa kutoka mbali, hivyo ni ghali kuliko ya mjini. Aidha, wanyama hawashtuliwi na mngurumo, na mtalii yuko tayari kuulipia ukimya huo. Hapo kubadili injini kunapunguza gharama na wakati huo huo kunaongeza mapato.

Mfanyabiashara mdogo hana mtalii wa kumlipia ukimya. Yeye hubaki na hesabu ya mafuta.

Tuchukue gari la mizigo na abiria linalotumia lita 14 za dizeli kwa kilomita 100, dizeli ikiwa Sh3,000 kwa lita. Kilomita 100 ni Sh42,000. Gari zito kama hilo likibadilishwa linaweza kutumia uniti 35, upotevu wa kuchaji ukiwamo. Uniti ikiwa Sh350, gharama ni Sh12,250. Akiba ni Sh29,750. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kituo cha mafuta na za umeme anazolipa yeye.

Gari hilo likitembea kilomita 100 kila siku kwa siku 300, akiba ya mwaka ni takriban Sh8.9 milioni. Kama kulibadilisha kumegharimu Sh80 milioni, fedha zitarudi baada ya miaka tisa. Gharama ikiwa Sh40 milioni, zitarudi baada ya miaka minne na nusu.

Sasa mchukulie mkulima ambaye gari lake huenda sokoni mara mbili kwa wiki, kilomita 40 kila safari. Kwa mwaka ni kilomita 4,160. Akiba yake ni kama Sh1.2 milioni. Kwa gharama ya Sh80 milioni atasubiri zaidi ya miaka 64. Gari ni la aina moja, betri ni moja, fundi ni mmoja. Kilichotofautiana ni kilomita tu.

Riba na umri wa betri

Hesabu hiyo ni ya mwenye fedha taslimu. Wengi watahitaji mkopo, na hapo ndipo wanapoweza kuumia. Riba ya asilimia 15 kwa mkopo wa Sh80 milioni ni Sh12 milioni kwa mwaka wa kwanza. Akiba ya mafuta ni Sh8.9 milioni. Ina maana gari likifanya kazi kila siku bila kuharibika, akiba yote haitoshi kulipa hata riba. Deni litakua badala ya kupungua, na aliyeweka shamba dhamana anaweza kulipoteza huku gari likitembea vizuri barabarani.

Kwa mkopo wa Sh40 milioni, riba hiyo hiyo, deni litaisha baada ya miaka minane hivi, endapo akiba yote itapelekwa benki. Muda huo betri nayo itakuwa imezeeka. Betri haifi ghafla kama injini iliyokatika kamshafti. Hupungua kidogo kidogo, gari lililokuwa likienda kilomita 200 likaanza kwenda 150. Kwa mwenye safari ya kilomita 180 kila siku, siku hiyo biashara imesimama.

Ni kweli zipo akiba nyingine. Hakuna oili ya injini, filta za oili na dizeli, nozeli wala klachi ya kubadilisha kila mara. Pia bei ya betri za lithiamu duniani imeshuka sana. Taasisi ya utafiti ya BloombergNEF ilionyesha wastani wa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti ya uwezo wa betri mwaka 2010, na dola 115 mwaka 2024. Hata hivyo, wastani huo ni wa viwanda vikubwa vinavyonunua kwa wingi. Gereji inayoagiza betri moja hulipa zaidi, pamoja na usafiri na kodi.

Kabla ya kung'oa injini

Kwa anayefikiria hatua hii, jambo la kwanza ni kuandika kilomita za gari kwa mwezi mzima, siku kwa siku, pamoja na fedha za mafuta. Bila daftari hilo, mazungumzo na fundi hayana msingi.

Pili, apime safari ndefu kuliko zote anayoifanya, kisha adai betri inayoizidi kwa theluthi moja. Mlima, mzigo na matope hula umeme kama vinavyokula dizeli.

Tatu, awe mwangalifu na betri zilizotumika. Nyingi hutolewa kwenye magari ya umeme ya zamani, na baadhi ya magari hayo, kama Nissan Leaf za mwanzo, hayakuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji. Joto huzichosha mapema. Betri ipimwe kwa kifaa uwezo uliobaki, na matokeo yaandikwe kwenye mkataba.

Nne, ahakikishe fundi amesomea umeme mkubwa wa betri. Mifumo mingi ya magari hayo hufikia volti 300 hadi 400, na umeme huo unaua. Pia breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Injini ikitoka bila kuwekewa pampu ya umeme badala yake, pedali itakuwa ngumu na gari halitasimama kwa wakati.

Tano, kadi ya gari inaonyesha namba ya injini na aina ya mafuta. Mamlaka ya usajili na kampuni ya bima ziulizwe kabla ya spana ya kwanza kushikwa, siyo baada ya ajali.

Opibus ilibadili jina mwaka 2022 ikawa Roam, na bidhaa zake zinazojulikana zaidi leo ni pikipiki na mabasi ya umeme. Vyombo hivyo viwili hutembea kutwa nzima, kila siku. Kwa mwendesha bodaboda, au mwenye pikapu isiyolala, umeme unaweza kuwa mkombozi. Kwa mwenye gari linalotoka siku ya soko tu, injini iliyopo, ikitunzwa vizuri, ndiyo nafuu yake.

Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.