Kwa Nini Kitovu cha Dunia Hakijayeyuka

Chuma kikiwekwa tanurini huyeyuka kikifikia nyuzi joto 1,538 za Selsiasi. Katikati ya dunia, kilomita 6,371 chini ya miguu yetu, joto linazidi nyuzi 5,000, lakini chuma cha huko ni kigumu. Ajabu zaidi, juu yake, ambako joto limepungua, kumetanda chuma kilichoyeyuka, yaani kiini cha nje, chenye unene wa zaidi ya kilomita 2,200.

Siri iko kwenye kanieneo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam, lakini kileleni Kilimanjaro yanachemka karibu na nyuzi 80, kwa kuwa hewa ya juu inakandamiza kidogo. Chuma nacho ni hivyo hivyo: ili kiyeyuke, atomu zake zinahitaji nafasi ya kutanuka, na mgandamizo unazinyima. Pale kiini cha nje kinapoanzia, kina cha kilomita 2,890 hivi, kanieneo ni mara milioni 1.3 ya ile ya hewa tunayovuta. Kwenye kilomita 5,150 inafika mara milioni 3.3. Kadiri unavyoshuka joto linapanda, ila kiwango cha kuyeyukia kinapanda haraka zaidi, na katika kina hicho kinalipita joto. Kuanzia hapo kwenda chini, chuma kimeganda.

Mpaka huo aliugundua Inge Lehmann wa Denmark. Mwaka 1926 mwanasayansi Harold Jeffreys alikuwa ameonyesha kwamba kiini ni kimiminika. Lehmann, akichunguza tetemeko lililotikisa New Zealand mwaka 1929, aliona mawimbi hafifu yakijitokeza mahali ambapo kiini cha kimiminika peke yake kisingeweza kuyapeleka. Mwaka 1936 akaandika kwamba ndani ya kiini mna kiini kingine. Uthibitisho kwamba ni kigumu ulikuja mwaka 1971, kutokana na jinsi dunia nzima inavyovuma kama kengele baada ya tetemeko kubwa.

Kwangu mimi, uzuri wa ugunduzi huo ni kwamba ulitupa kipimajoto. Mpakani pale chuma kigumu na kilichoyeyuka vinagusana, hivyo joto la mahali hapo ndilo joto la kuyeyukia. Ukijua chuma huyeyuka kwa nyuzi ngapi chini ya kanieneo hiyo, umepima joto la kilomita 5,150 bila kuchimba. Na kuchimba kwenyewe hakujapita sana kilomita 12, kwenye shimo la Kola huko Urusi.

Basi wanasayansi hubana chembe ya chuma kati ya ncha mbili za almasi, na kuipasha kwa leza, huku eksirei zikionyesha lini mpangilio wa atomu unavunjika. Mwaka 2013 watafiti waliofanya hivyo Grenoble, Ufaransa, walikadiria nyuzi 6,000 mpakani, pengine 500 juu au chini. Joto la uso wa jua ni karibu na hilo.

Lakini chuma cha kiini si safi. Kina nikeli, na kwa kuwa kiini cha nje ni chepesi kuliko inavyotarajiwa, lazima kuna elementi nyepesi pia: salfa, oksijeni, silikoni, kaboni na haidrojeni ndizo zinazotajwa. Hizi hushusha kiwango cha kuyeyukia, kwa hiyo joto halisi huenda likawa chini ya hapo. Dunia inavyopoa, chuma huganda mpakani na kuziacha nyingi za elementi hizo kwenye kimiminika. Zinapanda, zinakikoroga, na mkorogo huo ndio unaozalisha usumaku unaoelekeza dira.