Mnara wa taa wa Chumbe na safari zetu za Ziwa Kivu

Kilomita 12 hivi kutoka mji wa Zanzibar kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Chumbe. Mwaka wa 1904, wakati Zanzibar ilikuwa chini ya Waingereza, pale palijengwa mnara wa taa. Kazi yake ilikuwa kuwaonya mabaharia usiku, wasipande miamba iliyojificha chini ya maji.

Taa hiyo ilihitaji mtu. Mlinzi wake aliishi kisiwani, na msikiti mdogo ulijengwa kando ya mnara ili apate mahali pa kusali. Mwaka wa 1926 taa ikaanza kuwaka kwa gesi. Tangu 1994 miamba ya upande wa magharibi imehifadhiwa, uvuvi umekatazwa, na watu waliokuwa wavuvi walifundishwa kuilinda. Nyumba ya mlinzi sasa inapokea wageni.

Lakini mnara wa taa hauna mkono wa kushika usukani. Unaonya tu, na nahodha ndiye anayeamua. Katika Matendo 27, Paulo alionya kwamba safari itakuwa ya hasara. Akida alimsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Chombo kilivunjika karibu na Malta, ingawa kwa neema ya Mungu watu wote 276 walifika pwani.

Sisi wa Goma tunalijua jambo hili kwa machozi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mchana kweupe, watu wakiitazama kutoka ukingoni. Haikukosa mwanga. Ilikuwa imejaza watu kupita kipimo, na makumi wakafa.

Mama anayeuza Birere na ana deni la kulipa, siku moja ya soko ikipotea inamuuma. Hatumlaumu. Ndiyo sababu onyo lisiachwe kwake peke yake. Kikundi cha kanisa kinaposafiri, kiongozi aulize jileti za kuokoa maisha ziko wapi kabla ya kulipa. Boti ikijaa, aseme kwa sauti: tungoje ingine. Na kanisa linalowangoja lisiwakemee kwa kuchelewa.

Yesu alituita nuru ya ulimwengu. Kwenye bandari zetu, nuru hiyo inaweza kuwa mtu mmoja anayethubutu kuonya.