Tani 100 za Maji

Ikifika Septemba simu yangu haipoi. Anapiga mtu wa Kathonzweni, anapiga mwingine wa Mutomo, na swali ni lile lile: "Daktari, vipande vya Super Napier nitapata wapi, na ekari moja inataka vingapi?" Watu huniita daktari ingawa sijawahi kumdunga ng'ombe sindano, kazi yangu ni nyasi. Basi kwa kuwa swali ni la nyasi, na nimelijibu hadi nimechoka, leo naliandikia jibu: vipande hivyo usivitafute.

Mmea wenyewe si wa uongo. Ni chotara wa nepia na uwele, ulizalishwa Thailand, ambako unaitwa Pakchong 1. Ukipata maji, mbolea na mtu wa kuukata kwa wakati, unatoa majani mengi ajabu. Uongo uko kwenye zile picha zinazozungushwa WhatsApp: mwanamume amesimama kando ya mabua yanayomzidi kimo mara mbili, na chini yake ahadi tatu. Tani 100 kwa ekari, protini asilimia 18, na ukame hauyatishi.

Tuanze na tani. Majani mabichi ya nepia ni maji kwa asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo tani 100 zikikauka zinabaki 20 za lishe, pengine hata hazifiki. Nyasi za nchi za joto, ambazo ni hodari wa kubana maji, hunywa lita zipatazo 300 kutengeneza kilo moja ya lishe kavu. Kilo 20,000 mara 300 ni lita milioni 6. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi. Gawanya mwenyewe: unahitaji milimita 1,500, tena zote zifike kwenye mzizi, pasiwe na tone linalokimbilia korongoni wala linalonyonywa na jua. Kibwezi na kusini mwa Kitui tukipata milimita 600 kwa mwaka tunashukuru, na hizo zinagawanyika misimu miwili, nyingine zikija kwa dhoruba tatu nne zinazoondoka na udongo. Chotara awe wa Thailand au wa mbinguni, mvua isiyonyesha haivuni.

Kwenye protini, tangazo linajipiga lenyewe. Nyasi yoyote huwa na protini nyingi ikiwa changa. Kadiri inavyorefuka ndivyo inavyogeuka kuni. Ile asilimia 18 hupatikana, kama itapatikana, kwenye majani yaliyokatwa mapema baada ya kumwagiwa mbolea. Zile tani 100 hutoka kwenye mabua kama yale ya pichani. Muuzaji amechukua meno ya mtoto na uzito wa babu, akakuambia ni mtu mmoja.

Na ukame? Ni kweli, shina la nepia halifi upesi. Nepia iliyosinyaa Agosti iko hai, ila ng'ombe anayeingojea ndiye atakayekufa.

Hapo mtu huniambia, "Lakini daktari, jirani yangu anayo na imestawi." Nenda kwa huyo jirani ufuate bomba mpaka lilikoanzia. Ukiwa na maji ya kumwagilia ekari mwaka mzima, panda nyanya, uuze, ununue nyasi kavu na chenji ibaki.

Yanayofaa nayasema mbio, maana vuli haingoji. Nyasi zetu zimekwisha kufanyiwa utafiti papa hapa, kwenye kituo cha utafiti cha KALRO Kiboko na kwenye majaribio ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kibwezi: mbeetwa, ambayo wataalamu huiita Eragrostis superba, pamoja na Cenchrus ciliaris na Enteropogon macrostachyus. Zikikosa mvua zinalala, zikinyeshewa zinaamka. Hazipendezi pichani. Panda zaidi ya aina moja. Mbegu isiwe ya juzi. Ikae ghalani miezi kadhaa baada ya kuvunwa, kwa sababu mbichi huwa bado imelala, na wengi wanaolia kwamba wameuziwa mbegu mbovu walipanda mbegu yenye usingizi. Ipime: laza punje 100 kwenye karatasi yenye unyevu wiki mbili, uhesabu zilizoota. Piga mifereji kwa plau ya ng'ombe kukingama mteremko, kabla ya vuli na si masika, maana Ukambani vuli ndiyo ya kuaminika zaidi. Usifukie sana, sentimita moja inatosha. Zungusha ua wa miiba na usiingize mbuzi hata mmoja mpaka nyasi zidondoshe mbegu. Mbuzi wa shemeji pia ni mbuzi. Msimu unaofuata, kata zinapoanza kuchanua, anika, funga marobota kwa sanduku la mbao.

Na simu iliyokuletea picha, itumie kusoma taarifa ya kila mwezi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, kuhusu kaunti yako. Humo kuna kipimo cha VCI, kinacholinganisha ukijani unaoonwa na satelaiti na ule wa miaka iliyopita mahali pale pale. Chini ya 35 ukame umeingia, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 umevuka mipaka. Madume ya ziada yauze kipimo kinapokaribia 35, kabla soko halijajaa mifupa. Ila satelaiti haitofautishi nyasi na kichaka: migunga inaweza kuipaka ramani kijani huku chini yake udongo ni mwekundu mtupu. Ukishaisoma, zunguka malisho yako kwa miguu.

Anza na robo ekari. Mbegu ziulizie Kiboko mwezi wa Agosti. Ukinipigia Oktoba utakuwa umechelewa.