Kesi ya Viazi Watatu Mbele ya Mzee Chungu

Paukwa!

Nasikia "pakawa" ya watu wawili tu, na mmoja wao keshaanza kusinzia. Tena: paukwa! Haya, sasa mko wote. Sogeeni karibu, na mwenye daftari alifungue, maana hadithi ya leo ina hesabu ndani yake.

Hapo zamani, tena si zamani sana, mwezi wa Ramadhani, bibi mmoja wa Pemba alirudi kutoka soko la Chake Chake na kapu zito. Ndani mlikuwa na vitu vya futari: viazi vitamu, kiazi kikuu kimoja kikubwa, na mbatata, ambazo watu wa bara huziita viazi mviringo. Bibi akalitua kapu jikoni, akatia udhu, akaingia chumbani kusali alasiri. Mlango ulipofungwa tu, kapu likaanza kutikisika.

"Sogea huko, unanibana!" alinguruma Kikuu.

"Wewe ndiye unayetubana," akajibu Kitamu. "Ukubwa wote huo, na ndani mna nini? Mwenye lishe hapa ni mimi."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akadakia Mbatata. "Mimi sijisifu, lakini duniani nani halimi mbatata?"

Kelele zikamwamsha Mzee Chungu, aliyekuwa kajiinamia juu ya mafiga. Chungu ndiye mkubwa wa jikoni. Kila kinacholiwa kimepita tumboni mwake, kwa hiyo hadanganyiki.

"Kuna nini?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Semeni, na aseme mmoja mmoja."

"Tuamulie," akasema Kitamu. "Kati yetu ndugu watatu, nani ana lishe bora?"

"Ndugu?" Mzee Chungu akacheka mpaka mfuniko ukagongagonga. "Hebu kila mmoja ataje ukoo wake kwanza."

Kitamu akatangulia. "Mimi ni mzizi, Mzee. Mmea wangu hutambaa chini, na mizizi yake hunenepa kwa kuweka akiba ya wanga. Asili yangu ni nchi za joto za Amerika. Na majani yangu ni mboga: ndiyo hayo matembele mnayoyajua."

"Mimi si mzizi," akasema Mbatata. "Mimi ni shina lililonenepa ardhini. Tazama haya macho yangu. Kila jicho ni chipukizi, na ukinifukia yatachomoza. Nimetoka milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako watu walinilima maelfu ya miaka kabla sijavuka bahari. Ukoo wangu ni nyanya, biringanya, pilipili na… tumbaku."

"Kila ukoo una mtukutu wake," Kikuu akaguna. "Mimi mmea wangu hupanda juu ya miti na nguzo. Jamaa zangu wengine ni wenyeji wa Afrika Magharibi, na mpaka leo Nigeria peke yake hulima zaidi ya nusu ya viazi vikuu vyote duniani. Wengine walikuja pwani hii kutoka Asia ya Kusini Mashariki, kwa njia ya Bahari ya Hindi. Na kwa nasaba, Mzee, mimi niko karibu na mahindi na vitunguu kuliko nilivyo karibu na hawa. Wao wawili angalau wana ujamaa wa mbali."

"Basi mmesikia," akasema Mzee Chungu. "Hamkuzaliwa nyumba moja. Mmekutana kapuni tu, kwa hiyo msitarajie kuwa na lishe moja. Sasa tupime. Kila mmoja alete gramu 100 zake, zilizomenywa na kuchemshwa. Kipimo kimoja kwa wote."

Watoto, gramu 100 ni kama kipande kinachotosha kwenye kiganja chako. Na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa kufunga, hakuna aliyethubutu kuuonja ushahidi.

Kwanza zikahesabiwa kalori, yaani nguvu ambayo mwili huipata kwa chakula. Kikuu alileta karibu kalori 116, Mbatata 86, Kitamu 76. Sasa hapo yupo atakayeshangaa: mbona mwenye utamu ndiye mwenye nguvu chache? Ni kwa sababu Kikuu ameshindiliwa wanga zaidi na ana maji machache. Utamu wa ulimi na nguvu ya chakula ni vitu viwili.

Zikaja nyuzinyuzi, zile zinazosaidia tumbo kufanya kazi yake na choo kisiwe kigumu. Kikuu alikuwa na karibu gramu 4, Kitamu 2 na nusu, Mbatata karibu 2. Ikaja potasiamu, madini yanayohitajiwa na misuli na moyo. Kikuu alileta karibu miligramu 670, Mbatata 330, Kitamu 230.

Kikuu akavimba. "Wanasema ukubwa ni jaa, kila mtu anakutupia lake. Leo mmeona faida yake."

"Bado," akasema Mzee Chungu. "Vitamini C." Hii ndiyo inayoyalinda mafizi yasipatwe na kiseyeye, na inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Kitamu akatoa karibu miligramu 13, Kikuu 12. Mbatata akatoa 7 tu, na papo hapo akapiga kelele.

"Nimedhulumiwa! Mmenimenya kabla ya kunitia majini! Vitamini C huyeyuka katika maji. Nichemsheni na ganda langu, mnimenye baadaye."

Mzee Chungu akakubali ombi. Mbatata mwingine akachemshwa na ganda, akapimwa, na miligramu zikakaribia 13. Mmeona? Aina ya kiazi ni ileile, moto ni uleule. Kilichobadilika ni zamu ya kisu tu, na vitamini ikakaribia kuwa maradufu.

Hapo ndipo Kitamu alipopanda juu ya kinu. "Mzee, hayo yote ni madogo. Niulize vitamini A! Katika gramu 100 za kiazi kitamu kilichochemshwa mna maikrogramu karibu 790. Mtoto wa miaka 9 hadi 13 anahitaji 600 kwa siku nzima. Hawa wenzangu wana nini? Mbatata hana kitu, na Kikuu ana chembe tu."

Jiko likanyamaza, maana hiyo ni vitamini kubwa. Mtoto anayeikosa hushindwa kuona jioni giza linapoingia, macho hukauka, na maradhi humpata kwa urahisi. Tayari Mzee Chungu alikuwa anataka kutoa hukumu, lakini akasita.

"Kisu," akasema. "Mpasueni."

Kitamu akapasuliwa. Nje alikuwa mwekundu wa kupendeza. Ndani alikuwa mweupe pe.

"Hesabu uliyoitoa ni ya kweli," akasema Mzee Chungu, "ila si yako. Vitamini A ya kiazi hutengenezwa mwilini kutokana na beta-karotini, na beta-karotini ina rangi: ile rangi ya chungwa unayoiona kwenye karoti. Kiazi kitamu cheupe ndani hakina karotini ya kutajika, hata ganda lake liwe jekundu namna gani. Wewe una vitamini C na nyuzinyuzi zako, na hizo hakuna atakayekunyang'anya. Lakini sifa ya vitamini A umeiazima kwa nani?"

"Kwangu," ikasikika sauti kutoka chini ya kapu. Akatoka kiazi kitamu wa pili, akapasuliwa, na ndani akawaka rangi ya chungwa. Huyu ndiye watu wa Tanzania wanayemwita kiazi lishe.

Hapa nisimamishe hadithi kidogo, maana hili si la kubuni. Kwa miaka mingi viazi vitamu vilivyopendwa Afrika Mashariki vilikuwa vyeupe au vya manjano hafifu, vikavu na vya unga unga vikiiva. Vile vya rangi ya chungwa vilivyotoka nje vilikuwa na majimaji, na watu hawakuvipenda. Watafiti wakakaa chini wakachanganya mbegu mpaka wakapata viazi vya rangi ya chungwa vinavyostahimili mazingira yetu na kuwapendeza walaji wa huku. Mwaka 2016, watatu kati yao walikuwa miongoni mwa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani: Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde na Jan Low wa Marekani. Wote walifanya kazi na kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi chenye makao yake makuu Lima, Peru.

Turudi jikoni. Kiazi lishe alikuwa anataka kushangilia, Nazi akakohoa.

"Samahani, Mzee. Karotini haiyeyuki katika maji kama vitamini C. Inataka mafuta. Mtoto akila kiazi lishe kitupu, sehemu kubwa itampita bila kumfaa. Akila cha nazi, au na karanga, mwili unaifyonza vizuri."

"Na mimi nina neno kuhusu mafuta!" akadakia Mbatata, kachangamka. "Watoto wa mjini wananipenda kuliko wote. Nikikatwa chipsi, foleni inafika barabarani."

"Foleni haipimi lishe," Mzee Chungu akamjibu. "Ukichemshwa una kalori 86 na mafuta hayafiki hata nusu gramu. Ukitoka karaini, gramu 100 zilezile zina kalori karibu 300 na mafuta karibu gramu 15. Tui kidogo juu ya kiazi ni kitoweo. Kuogelea katika karai ni jambo jingine."

Mwisho akaitwa Maharage atoe ushahidi wa protini, ile inayojenga mwili wa mtoto anayekua. Viazi wote, pamoja na ubishi wao, kila mmoja alikuwa na gramu moja na kitu, pungufu ya 2. Maharage yaliyochemshwa yakaweka mezani karibu gramu 9. Hakuna kiazi aliyebisha.

Basi Mzee Chungu akahukumu hivi.

"Kwa macho na kinga ya mwili, mshindi ni kiazi kitamu wa rangi ya chungwa, na wa pili wake hayupo. Kwa nguvu, nyuzinyuzi na potasiamu, mshindi ni Kikuu. Mbatata hakushika nafasi ya kwanza peke yake popote, lakini akichemshwa na ganda lake ni chakula chema, na vitamini C yake inalingana na ya wenzake. Kitamu mweupe abaki na heshima yake, ila aache kuazima sifa za binamu yake. Na ninyi nyote hamtoshi bila maharage, dagaa au samaki pembeni. Kesi imekwisha."

Sasa nanyi wanangu, hukumu hii msiishie kuisikiliza. Mkitumwa sokoni, ulizeni kiazi kina rangi gani ndani kabla ya kukinunua. Mbatata ikigeuka kijani kwa kukaa kwenye mwanga, msiile, maana hiyo ni dalili ya sumu iitwayo solanini. Na majani yake msiyachume mkidhani ni matembele, nayo yana sumu hiyohiyo. Kiazi kikuu kisiliwe kibichi kabisa. Utomvu wake huwasha, na baadhi ya jamaa zake wa porini wana sumu. Na leo jioni, kabla mama au bibi hajashika kisu, mwambieni kwa adabu achemshe mbatata na maganda yake.