UZI: Ukisikia "pampu ya joto", uliza ni ipi

Wiki hii darasani tulibishana kuhusu ile sheria ya Ujerumani ya kupasha nyumba joto. Saa nzima kelele. Mmoja anasema pampu za joto zinaokoa pesa, mwingine anasema zinafilisi watu. Baadaye ndio nikagundua kila mtu alikuwa anaongelea mashine tofauti.

Sheria ilipitishwa Septemba 2023: mfumo mpya wa joto utumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu. Ilianza Januari 2024 na nyumba mpya kwenye mitaa mipya, majengo mengine yakapewa muda. Julai mahakama ya katiba ilikuwa imesimamisha kura, kwa sababu mbunge mmoja alilalamika hakupewa muda wa kutosha kuusoma mswada. (Mnaofuatilia bunge letu, nyamazeni tu.)

Pampu ya joto ni kama friji. Gusa nyuma ya friji yako, utasikia joto lililotolewa ndani. Pampu hutoa joto nje na kulileta ndani, na hata hewa ya baridi ina joto kiasi. Kwa sababu inahamisha tu, uniti moja ya umeme inaweza kuleta tatu au nne za joto.

Sasa, aina. Ya hewa kwa hewa ni AC kama zile za Mombasa, ila inageuzwa: kukiwa na jua inapoza, kukiwa na baridi inapasha. Ni rahisi kufunga, lakini haikupi maji ya kuoga.

Ya hewa kwa maji ndiyo iliyoleta vita. Inapasha maji yanayozunguka kwenye mabomba ya nyumba. Nyumba mpya yenye mabomba sakafuni hutosheka na maji ya nyuzi 35 hivi, na hapo pampu inafanya kazi poa. Nyumba kuukuu inayovujisha joto inaweza kudai nyuzi 60, na siku za baridi kali pampu inahangaika. Kule umeme ni ghali kuliko gesi, kwa hivyo uniti nne zikishuka kuwa mbili, akiba imeenda.

Ya ardhini haiyumbi hivyo. Wanatoboa kama mita mia, ambako ardhi ina nyuzi 10 hivi mwaka mzima, na kiangazi inapoza nyumba kwa umeme kidogo sana. Lakini kutoboa ni pesa. (Hii si Olkaria jameni. Kule ni mvuke wa moto kutoka chini kabisa, unazungusha mitambo ya stima.)

Serikali iliahidi ruzuku ya hadi asilimia 70, kwa masharti. Shida ni kwamba zaidi ya nusu ya Wajerumani wanapanga. Mwenye nyumba anachagua mashine, mpangaji analipa bili. Sheria iliweka kikomo: kodi isipande zaidi ya senti 50 za yuro kwa kila mita mraba kwa mwezi kwa sababu ya mfumo mpya. Kuhusu bili ya umeme yenyewe, kikomo hicho hakisemi kitu.

Hapo ndipo nilibadilisha upande. Kwa bedsitter yangu kuna shawa ya stima iliyofungwa kabla sijahamia. Sikuichagua. Tokeni nanunua mimi.