Mtoto Mdogo Katika Safari Ndefu ya Gari

Kila mwaka, kuanzia katikati ya mwezi Desemba, familia nyingi za Dar es Salaam hufunga mizigo na kuelekea kwa babu na bibi. Wanaokwenda Moshi hukabiliwa na safari ya zaidi ya kilometa 550, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same. Wanaokwenda Mwanza huzidi kilometa 1,100. Katika magari hayo wamo watoto wasiofikia umri wa darasa la kwanza, na wengi wao husafiri mahali walipozoea: mapajani mwa mama, shangazi au dada wa kazi. Wengine husimama katikati ya viti viwili vya mbele, wakimsemesha baba anayeendesha.

Kumpakata mtoto ni tendo la upendo, na hakuna mzazi anayelifanya kwa kutojali. Hata hivyo, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote za safari, kuliko njaa, jua na kutapika, mambo ambayo wazazi huyaandalia kwa makini sana.

Sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, yaani mwendo unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi, likigonga kitu kigumu husimama ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Waliomo hawasimami pamoja nalo. Huendelea mbele kwa mwendo uleule mpaka wazuiwe na kitu. Ili kumzuia mtoto wa kilo 12 katika muda huo, mikono ya mzazi ingelazimika kuhimili nguvu sawa na ya kubeba mzigo wa takriban kilo 170, ghafla, pengine mzazi mwenyewe akiwa amesinzia. Hakuna awezaye. Mtoto huchomoka, na kishindo kinachompata ni sawa na cha kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwenye barabara kuu, kwa kilometa 80 kwa saa, nishati ya mgongano huzidi hiyo mara mbili na nusu. Mzazi ambaye naye hakufunga mkanda hurushwa mbele na kumgandamiza mtoto kwa uzito wake wote. Hali huwa hivyo hivyo pale mkanda mmoja unapozungushwa kwa mzazi na mtoto kwa pamoja: mtoto hugeuka kuwa mto kati ya mwili wa mtu mzima na mkanda.

Maumbile ya mtoto huongeza hatari hiyo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kichwa hicho kizito hubebwa na shingo ambayo mifupa na mishipa yake bado ni laini. Ndiyo maana mtoto mchanga na mwenye umri wa mwaka mmoja hadi miwili huwekwa kwenye kiti maalumu kinachotazama nyuma ya gari: gari likisimama ghafla, mgongo mzima, shingo na kichwa hupokelewa kwa pamoja na egemeo la kiti. Ni vema akae hivyo kwa muda wote ambao uzito na urefu wake bado vinaruhusiwa na kiti hicho. Kiti cha namna hii kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa mfuko ukifumuka hukipiga kwa nguvu inayoweza kuua.

Akikua, huhamia kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake mwenyewe, inayoshika mabega, nyonga na katikati ya mapaja. Baadaye hutumia kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite begani badala ya shingoni, na juu ya nyonga badala ya tumboni. Mtoto wa miaka minne au mitano anayefungwa mkanda wa mtu mzima bila kuinuliwa hana kinga anayodhaniwa kuwa nayo. Nyonga zake hazijakomaa kiasi cha kuushikilia mkanda mahali pake, hivyo hupanda na kubana tumbo, mahali ambapo ini na wengu bado havijafunikwa vizuri na mbavu.

Hapa wahudumu wa afya wa vituo vilivyo kando ya barabara kuu wana jambo la kuzingatia. Mtoto aliyeletwa baada ya ajali akiwa na mchubuko unaofuata mstari wa mkanda tumboni achukuliwe kuwa na jeraha la utumbo au la uti wa mgongo sehemu ya kiuno mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama anacheza na anaomba maji. Utumbo uliotoboka huweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuonyesha dalili. Mtoto huyo asirudishwe kwenye gari kuendelea na safari kwa sababu tu ndugu wana haraka, apewe rufaa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo kwa asilimia 60. Kikwazo ni bei. Viti vya mitumba hupatikana, na kiti cha mtumba kilicho kizima ni bora kuliko mapaja, mradi hakina ufa, mikanda yake haijachanika, kifungio kinashika, na lebo ya uzito wa mtoto inasomeka. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali kisitumiwe tena.

Kwa familia zinazosafiri kwa basi, ambazo ndizo nyingi, swali huwa ni la nauli. Mtoto akipakatwa, kiti kimoja huokolewa. Kwa familia yenye watoto watatu hiyo si fedha ndogo, na mshauri anayelipuuza jambo hilo hatasikilizwa. Pamoja na hayo, mtoto aliyetimiza miaka miwili na zaidi apewe kiti chake pale inapowezekana kabisa, safu za katikati, mbali na mlango na kioo cha mbele, mkanda ukipita chini juu ya mapaja. Mama mwenye mtoto mchanga asiye na kiti maalumu afunge mkanda wake peke yake, mtoto akibaki nje ya mkanda. Hiyo si kinga ya kutosha. Ni namna tu ya kuhakikisha kwamba mama hatakuwa sababu ya kifo cha mwanawe.

Kichefuchefu cha safari ni taabu ya namna nyingine, isiyoua lakini inayochosha. Ni nadra kwa watoto walio chini ya miaka miwili, na huwasumbua zaidi walio kati ya miaka miwili na kumi na miwili. Sikio la ndani huuarifu ubongo kwamba mwili unasafiri, ilhali macho ya mtoto mfupi huona mgongo tu wa kiti cha mbele, kitu kisichosogea. Kutokana na habari hizo mbili zinazopingana huja mate mengi, weupe wa uso na kutapika. Kumpa simu atazame katuni, kama ilivyo desturi siku hizi, huzidisha tatizo. Afadhali akae mahali anapoona nje kwa mbali, apate hewa, na ale kidogo kidogo: ndizi, mkate au uji, badala ya chipsi na soda.

Promethazini haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kudumaza upumuaji hadi kuua. Aliyezidi umri huo aipate kwa kipimo cha mtaalamu tu. Desturi ya kumnywesha mtoto dawa ya mafua ili alale njia nzima ina hatari hiyo hiyo, na wauzaji wa maduka ya dawa wanapaswa kuikataa waziwazi. Karanga na korosho zinazouzwa madirishani kila gari linaposimama ziwe za watu wazima. Mtoto wa chini ya miaka mitano hupaliwa kwa urahisi, na gari likirukaruka kwenye matuta hupaliwa kwa urahisi zaidi.

Gari lisimame angalau kila baada ya saa mbili, wote washuke, mtoto anyooke na anywe maji. Asiachwe ndani akiwa amelala, hata kwa dakika chache za kununua machungwa. Joto la gari lililoegeshwa juani huweza kupanda kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 10, madirisha yaliyofunguliwa kidogo hayasaidii sana, na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima.

Wakati wa kurudi hujitokeza jambo ambalo wengi hawakulipanga. Gari hujaa mikungu ya ndizi, maparachichi na mifuko ya mchele, na kiti cha mtoto ndicho cha kwanza kuondolewa ili kupata nafasi. Mtoto hurudi mapajani, safari hii akiwa na mizigo iliyolegea nyuma ya kichwa chake, ambayo nayo itaruka gari likigonga. Ni vema kiti kifungwe kwanza, mtoto akalishwe, kisha ndipo mizigo ianze kupangwa kwenye buti. Mkungu uliokosa nafasi utumwe kwa basi.