Kwa Nini Mganga Huuliza Habari za Zamani?

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaougua malaria huko Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Umri wao ni mmoja, uzito wao ni mmoja, na kila mmoja amepewa dawa mseto: dozi sita kwa siku tatu. Wa kwanza ni mvuvi ambaye hajaugua mwaka mzima. Wa pili ameteremka kutoka milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, naye yumo katika mwezi wa tatu wa matibabu ya kifua kikuu. Je, damu zao zitakuwa na kiasi kimoja cha dawa? La hasha.

Mwili huihesabu dawa kuwa kitu kigeni kinachopaswa kuondolewa. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, kisha mabaki hutolewa kwa mkojo au choo. Kwa hiyo dawa hutibu muda ule tu inapokuwamo damuni kwa kiasi cha kutosha.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu igeuzayo mkojo kuwa na rangi ya chungwa, hulichochea ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi. Baadhi yake ndivyo vinavyovunja dawa mseto. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia rifampisini, lumefantrini ilipungua damuni hadi kadiri ya theluthi moja, na artemetha hadi kadiri ya sehemu moja ya tisa. Hivyo mgonjwa aweza kumeza vidonge vyote kwa uaminifu, na vimelea vya malaria visiishe.

Tena, ini halirudii hali yake siku matibabu yanapokwisha. Huchukua takriban majuma mawili. Kinyume chake, ini lililoharibiwa na maradhi huvunja dawa polepole, nayo ikaweza kulimbikizana hadi kuwa sumu.

Yafaa basi ieleweke kwamba maswali ya mganga si udadisi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa ataje maradhi aliyopata na kila dawa anayotumia, na aichukue kadi yake ya kliniki kila aendako, hata akienda kuvua tu. Wala asiache dawa za kifua kikuu kwa hiari yake: kuchagua tiba ifaayo ni kazi ya mganga, ilimradi ameambiwa.